Wakuu wa kusini, serikali kama yetu inadaiwa nini na raia wa Gaza?

Mkorosho72

Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini hapa Chikongola, jana baada ya Ijumaa tulikaa barazani na kahawa zetu kama kawaida, jamaa mmoja akafungua klipu ya watoto wa Gaza wanasukumana na masufuria kugombania uji, baraza zima likanyamaza, afu ndo mzozo ukaanza. Mzee mmoja akasema hii ni kazi ya serikali, serikali ndo zinaongea na serikali, sisi tuna dua tu. Fundi pikipiki wetu akamdakia hapo hapo, mzee serikali ipi, hii ya kwetu ambayo bei ya korosho tu inaisumbua leo ndo ikamwambie Israel acha? Watu wakacheka, mimi nilicheka kidogo ila nimelala na hilo swali.

Sasa naomba wenye uelewa mnisaidie. Hivi serikali ambayo haipigani ile vita, haiuzi silaha, iko mbali huku, ina wajibu wowote wa kweli kwa wale raia au ni hisani tu, ikitaka inatoa tamko isipotaka inakaa kimya? Siulizi mambo ya dini, nani kamchokoza nani, hilo kuna uzi wake mwingine mkachomane huko.

Ticha wa Masasi

Mkorosho swali zuri sana, na jibu ni kwamba wajibu upo na uko kwenye maandishi, sio hisani. Kuna mikataba ya Geneva ya 1949, ule wa 4 ndo unahusu raia wakati wa vita. Watu wengi wanajua unawabana wanaopigana, yaani usiwaue wala kuwatesa raia walio mikononi mwako, na anayekalia eneo kwa nguvu za jeshi ana jukumu la kuhakikisha watu wa pale wanapata chakula na dawa, akishindwa basi akubali misaada ipite. Ila kipengele cha kwanza kabisa kinasema kila nchi iliyoingia itauheshimu mkataba NA itahakikisha unaheshimiwa katika hali zote. Hilo neno kuhakikisha ndo lenye uzito, maana yake hata wewe uliye mbali una la kufanya pale unapoona unavunjwa. Na sisi tumo humo tangu miaka ya 60.

Halafu kuna mahakama ya kimataifa ya Hague. Afrika Kusini walifungua kesi dhidi ya Israel tarehe 29 Desemba 2023, nao wako mbali kama sisi tu, hawana mpaka na Gaza, na tarehe 26 Januari 2024 mahakama ikaiamuru Israel ichukue hatua misaada iingie. Hukumu yenyewe ya kesi bado. Julai 2024 mahakama hiyo hiyo ikatoa maoni mengine kuhusu maeneo ya Wapalestina yanayokaliwa na Israel, kwamba ukaliaji huo ni kinyume cha sheria na nchi ZOTE zisiutambue wala zisisaidie kuuendeleza. Maoni sio hukumu, sawa, lakini serikali haiwezi kusema haikujua.

Sasa mnielewe, sisemi tupeleke jeshi. Kupiga kura umoja wa mataifa ni njia moja ya kutimiza huo wajibu, kuchangia UNRWA, shirika la umoja wa mataifa, ni njia nyingine, maana hao ndo wamebeba wakimbizi wa Kipalestina tangu 1950 shule na zahanati, na Januari 2024 wakubwa kadhaa walifunga pochi baada ya Israel kutuhumu wafanyakazi 12 wa UNRWA kushiriki shambulio la Oktoba 7, 2023. Na sisi tuna ubalozi Tel Aviv tangu 2018, balozi yupo pale sio kwa ajili ya utalii peke yake, anaweza kuitwa wizarani au kutumwa akaseme.

DerevaWaKilambo

Ticha umeongea vizuri ila mimi naendesha gari huku mpakani nina swali moja tu. Oktoba 2020 Kitaya walivamiwa na wale waasi wa kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, nyumba zikachomwa watu wakauawa, hapa hapa Mtwara, ulisikia nani anaandamana? Machi 2021 mji wa Palma kule kule Msumbiji ukaanguka watu wakakimbilia Ruvuma na watoto mgongoni, tena ni Wamakonde wenzetu hao lugha moja mjomba na mpwa, wakavuka afu wakakusanywa wakarudishwa kupitia Negomano, UNHCR wenyewe, shirika la wakimbizi la umoja wa mataifa, walilalamika mwaka ule ule kwamba waliorudishwa kwa nguvu ni zaidi ya elfu 9. Sasa nchi iliyomrudisha mjomba wake kwenye moto leo inamwambia nini mwenye Gaza? Mimi nawaonea huruma wale watoto jamani msinielewe vibaya, ila tusijifanye.

Mchuuzi wa Soko Kuu

Dereva kamaliza. Nafunga kibanda nisubiri matusi

BintiRutamba

Usifunge kaka, subiri kwanza.

Mimi ni wa Rutamba, Lindi. Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma usiku na mtumbwi akitokea Msumbiji baada ya vita ya Mreno kuanza Septemba 1964, mama yangu akiwa tumboni. Walipofika hawakuulizwa ni wa dini gani wala chama gani, mwaka 1965 ikafunguliwa kambi Rutamba wakapewa shamba na jembe, na nchi yenyewe ilikuwa maskini kuliko leo mara ngapi sijui. Mreno alikuwa anatega mabomu mpaka upande wetu wa mpaka ili tuwaogope wakimbizi na wapiganaji, na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakaendelea kufanya mazoezi Nachingwea hapo kama hakuna kitu. Kwahiyo kaka dereva ya Negomano iliniuma mimi kuliko wewe, nina ndugu wa damu kule. Ila makosa ya Negomano hayawezi kuwa ruhusa ya kunyamazia Gaza, ni madeni mawili ya mtu mmoja. Ukishindwa kumlipa wa kwanza hujasamehewa wa pili.

Na kitu kingine. Juzi nilikuwa nawaeleza wanangu ukubwa wa Gaza nikatafuta mfano wa hapa. Mkoa mzima wa Mtwara sensa ya 2022 ni watu milioni 1.6 kwenye kilomita za mraba elfu 16 na ushee. Gaza ni zaidi ya milioni 2 kwenye kilomita 365, na geti haliko mikononi mwao. Bibi alikuwa na mto wa kuvuka, wale hawana mto. Agosti 2025 wataalamu wa mambo ya njaa wanaoungwa mkono na umoja wa mataifa wakatangaza rasmi baa la njaa Gaza mjini, sio ukame jamani, chakula kilikuwa kwenye malori nje ya geti!! Hapo ndo serikali inatakiwa, mimi na wewe hatuwezi kufungua geti.

Mzee wa Mikindani

Nyongeza kidogo kwa vijana. Nchi hii ilikuwa rafiki wa Israel, hata JKT ilipoanzishwa 1963 wao walitusaidia. Lakini vita ya 1973 Mwalimu akakata uhusiano, na mwaka huo huo PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, wakawa na ofisi Dar. Na Israel tulirudiana 1995. Kwahiyo fundi aambiwe kwamba tulishawahi kusema acha, na hatukufa njaa kwa hilo. Ila tusisahau pia wale vijana wetu wawili waliokwenda kule kujifunza kilimo wakauawa shambulio la Oktoba 7, 2023, nao walikuwa raia wasio na silaha. Serikali inayowalilia hao ndo hiyo hiyo iwalilie wa Gaza, sheria aliyosema Ticha haichagui maiti.

DerevaWaKilambo

Shikamoo mzee. Dada wa Rutamba nimekuelewa hilo la madeni mawili, yangu niliyosema siyafuti lakini. Nyie andikeni mnachoandika, ila Palma iwemo.

Mkorosho72

Asanteni sana wakuu. Leo asubuhi nimemsomea mzee wetu yote kuanzia juu, kasema basi tuandike barua kwa mbunge aulize bungeni mambo matatu, mchango wa UNRWA, balozi Tel Aviv kaagizwa nini, na wakimbizi wa Palma. Fundi kakubali kuandika yeye maana ana hati nzuri kuliko wote pale, ila kaweka sharti na korosho iwemo. Mzee kakataa. Mpaka natoka hapo walikuwa bado wanabishana.