Manjano mabichi, unga wa sokoni au kapsuli: nimpe mama kipi kwa ajili ya magoti?

MwanaUjiji
Wakuu, habari za jioni. Niko Ujiji na bi mkubwa wangu, miaka 63, magoti yanamtesa tangu mwaka juzi. Amebeba mabeseni ya dagaa pale Kibirizi zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo sishangai. Hospitali walimpiga picha wakasema mifupa inasagana, wakampa diklofenaki. Inamtuliza, ila akinywa siku tatu mfululizo tumbo linawaka mpaka chakula hakitaki. Na mtaani kila mtu keshakuwa daktari: ute umekauka, ale bamia, anywe supu ya makongoro. Mwezi huu zamu ni ya manjano.

Nina njia tatu mkononi. Jirani ana mashina kadhaa ya manjano nyuma ya jiko, ananipa vidole vibichi bure. Soko la Mwanga kuna unga wa kupima, kifuko shilingi 500. Halafu kuna dada mmoja wa virutubisho ana kopo la kapsuli 60 kwa 55,000. Kila kapsuli miligramu 500, imeandikwa kurkumini, ile kemikali ya njano ya manjano, asilimia 95, na pilipili manga imo humohumo. Anasema kapsuli moja ni sawa na kilo nzima ya manjano. Hapo ndipo niliposhtuka.

Mama anakunywa pia dawa ya presha. Naomba mwenye uzoefu anisaidie, sio mwenye mzigo wa kuuza.

Mama Migebuka
Mwanangu, kwanza hakikisha unachonunua ni manjano kweli. Pale Mwanga ukisema "binzari" tu, huyu atakupa manjano, yule atakupa mchanganyiko wa pilau, wa tatu atakupa binzari nyembamba. Mjukuu wangu alinunua hivyo, tukakaa wiki tunakoroga binzari nyembamba kwenye maziwa tunasubiri maajabu.

Mimi natia kijiko cha chai kwenye mchuzi wa migebuka, kwenye mawese yakishapata moto, kabla ya nyanya. Magoti siwezi kusema, mimi ninaloumwa ni bega. Mchuzi lakini unanoga.

Mfamasia wa Reli
MwanaUjiji, hongera kwa kushtuka. Tupige hesabu ya hilo kopo, maana watu wananunua kwa maneno.

Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 ya uzito wake, mara ikazidi kidogo, mara ikapungua. Kilo moja ya unga basi ina gramu 30 hivi. Kapsuli ya miligramu 500 yenye asilimia 95 ina miligramu 475, ambazo ni sawa na gramu 16 za unga, yaani vijiko vitano vya chai vya kawaida. Vijiko vitano, si kilo. Dada amezidisha zaidi ya mara sitini.

Hata hivyo vijiko vitano si mchezo, na hapa ndipo wengi wanachanganya mambo. Utafiti unaotajwa sana kuhusu magoti ulifanyika Thailand, ukachapishwa 2014. Wagonjwa 367 wa magoti yanayosagana waligawanywa: hawa wakapewa dawa ya maumivu, ibuprofeni, miligramu 1,200 kwa siku, wale kiini cha manjano miligramu 1,500 kwa siku, wiki nne. Maumivu yalipungua kwa kiwango kinachokaribiana, na waliokuwa kwenye manjano hawakulalamikia tumbo sana kama wale wa ibuprofeni. Ni habari njema. Ila kilichopimwa ni kiini kilichokolezwa, si chai ya manjano. Ukitaka gramu moja tu ya kurkumini kutoka kwenye unga wa Mwanga, mama ale vijiko kumi na moja kila siku. Nani atakula mchuzi huo?

Kwa hiyo anayesema "utafiti umethibitisha manjano" kisha akakuuzia kifuko cha 500, anauza matokeo ya kitu kingine.

Fundi Gungu
Mkuu Mfamasia, mbona nimesikia manjano hayafiki hata kwenye damu? Yanaingia mdomoni yanatokea upande wa pili, basi.

Mfamasia wa Reli
Umesikia sawasawa. Kurkumini haipendi maji, inapenda mafuta, na utumbo na ini vinaigeuza upesi. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini peke yake, kwenye damu ikawa karibu haionekani. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ule mkali wa pilipili manga, ikapanda mara 20, japo kwa muda mfupi. Ndiyo maana kapsuli nyingi zina pilipili manga.

Na kuna wanakemia wa Marekani ambao mwaka 2017 waliandika wazi kwamba majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu hayajatoa dawa hata moja ya kueleweka. Wanasema pia kurkumini inachezea vipimo vya maabara, inaonekana kama inafanya kazi kumbe inadanganya kipimo. Isitoshe, kule Houston kulikuwa na mtafiti mkubwa wa mambo haya ambaye makala zake kadhaa zilifutwa na majarida yenyewe. Ukisikia "tafiti maelfu", kumbuka na hilo.

Mimi binafsi kwenye magoti siwapingi wanaotumia. Kwenye kansa, nguvu za kiume na kusafisha damu, napinga.

Binti Kasulu
Haya ya mafuta mimi nayaelewa kwa mikono yangu. Kwetu tunachimba wenyewe. Unachemsha vidole mpaka kijiti kinapenya, unakata vipande vyembamba, unaanika juu ya mkeka kivulini, vikishakauka vikalia kama kokoto unatwanga. Kinu kinabaki cha njano mwezi mzima, hata kisamvu kitatoka na rangi.

Sasa siku moja nilimwagia kanga ya mama ule uji wa manjano. Nikakimbilia sabuni ya mche. Wee! Doa likageuka jekundu kama damu, mama akadhani nimejikata. Nikakamulia limau, likarudi njano. Nikaisuuza, nikaianika juani, baada ya siku mbili doa lilikuwa limefifia lenyewe. Naombeni maelezo, ni uchawi gani huu?

Mfamasia wa Reli
Dada yangu, umefanya jaribio la maabara kwenye kanga ya mama. Kurkumini inabadilika rangi ikikutana na kitu chenye asili ya magadi kama sabuni, na ndimu inairudisha. Jua nalo linaivunja. Kwa hiyo mambo mawili ya jikoni: weka unga kwenye kopo lisilopitisha mwanga, sio chupa ya kuonyesha wageni dirishani, na ukipika maharage kwa magadi usitie manjano humo ukitegemea dawa. Kwenye magadi haidumu.

Na wewe kuanika kivulini ulikuwa sahihi hata kabla hujajua sababu.

Mzee wa Kibirizi
Wanangu, nimesoma kimya tangu juzi. Shemeji yangu, mama wa watu wa hapahapa, alianza kapsuli hizi kwa ajili ya mgongo. Alikuwa na afya yake. Mwezi wa pili akaanza kuchoka, chakula kinamkinai, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Mwishowe macho yakawa ya njano. Watu wakasema ni yale manjano yanatoka. Tukacheka. Hatukupaswa kucheka.

Alipopimwa, ini lilikuwa limevimba. Daktari akamwuliza kila anachokunywa mpaka akafika kwenye kopo. Aliliacha, ikachukua kama miezi miwili kurudi kwenye hali yake. Jina la kopo sitalitaja, maana sina ushahidi wa kumshtaki mtu. Ila MwanaUjiji, wewe una mama mmoja.

MwanaUjiji
Shikamoo Mzee. Pole sana kwa shemeji. Ndiyo maana nimeuliza kabla ya kununua.

Dada Virutubisho
Samahani jamani, msiwatishe watu. Wahindi wamekula manjano miaka maelfu, mbona hawajafa? Bidhaa ya asili haina madhara. Hata hapa Kigoma nina wateja wanaopanda ngazi sasa hivi.

Mfamasia wa Reli
Karibu dada, na sikuombei biashara ife. Ila Wahindi walikula mchuzi, hawakumeza kiini cha asilimia 95 chenye piperini ya kukifungulia mlango. Huwezi kutetea kapsuli kwa ushahidi wa mchuzi.

Alichosema Mzee kimeandikwa pia na madaktari. Marekani, kundi linalofuatilia maini yanayoharibiwa na dawa liliripoti wagonjwa kumi walioumia ini kwa virutubisho vya manjano kati ya 2004 na 2022. Mmoja alifariki. Saba kati ya kumi walikuwa na aina moja ya urithi wa kinga ya mwili, kwa hiyo si kila mtu yuko hatarini, lakini nani hapa Ujiji amepimwa urithi wake? Italia na Australia nako serikali zimetoa tahadhari. Ni wachache ukilinganisha na wanaokunywa, nakubali. Ila "haina madhara" lifute kwenye tangazo lako.

Kipimo nacho: kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, iliweka miligramu 3 za kurkumini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kama kiwango cha kula maisha yote. Mama wa kilo 60 ni miligramu 180. Kijiko cha chai cha unga kina kama 90. Kapsuli yako moja ina 475.

Wanaopaswa kukaa mbali kabisa na kapsuli, au kumwona daktari kwanza: mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo, kwa sababu kurkumini inaukamua ule mfuko, mwenye mawe ya figo, mwenye upungufu wa damu, anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, mjamzito. Na piperini inafanya baadhi ya dawa zikae mwilini kuliko ilivyopangwa, propranololi ya presha ikiwemo, na fenitoini ya kifafa. MwanaUjiji, soma jina kwenye dawa ya mama ya presha kabla ya jambo lolote.

Fundi Gungu
Na sukari je? Mzee wangu kaambiwa yuko mpakani.

Mfamasia wa Reli
Kuna utafiti mmoja mzuri wa Thailand, 2012. Watu 240 waliokuwa mpakani, miezi tisa. Waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, asilimia 16.4 wakaingia kwenye kisukari. Waliopewa kurkumini, hakuna hata mmoja. Matokeo safi kiasi kwamba mimi yananitia wasiwasi badala ya furaha. Ningependa kuyaona yakirudiwa kwingine. Mzee apunguze ugali jioni na atembee kwanza.

Mama Migebuka
Na huo unga wa Mwanga tuuamini? Kuna mmoja unang'aa kama rangi ya ukuta.

Mfamasia wa Reli
Mama, umegusa penyewe. Bangladesh walikuwa wanatia rangi yenye risasi, ile sumu ya madini, ili vidole vilivyopauka vipendeze. Ilipogundulika na serikali ikawashukia wasagaji 2019, kufikia 2021 sampuli za sokoni zikawa safi. Sisemi wa Mwanga wanafanya hivyo. Nasema ukipata vidole vizima ukatwanga mwenyewe kama Binti Kasulu, umemaliza maswali.

MwanaUjiji, ningekuwa wewe ningefanya hivi. Vidole vya jirani viende kwenye chakula, na mawese na pilipili manga kidogo. Kopo liache. Diklofenaki ya kumeza mwulize daktari, kwa sababu dawa za kundi hilo zinapandisha presha, kwa hiyo mama anameza ya kushusha na ya kupandisha kwa maji yaleyale. Kuna jeli ya diklofenaki ya kupaka kwenye goti, kidogo sana inaingia kwenye damu, tumbo linapumzika. Halafu zoezi: akae kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi tano, ashushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikiwa imara, goti linapungukiwa mzigo.

MwanaUjiji
Wakuu, nimerudi, ni wiki ya tano. Daktari kakubali jeli, ya kumeza kasimamisha. Dawa yake ya presha si propranololi, ila kopo sikununua hata hivyo. Vidole vya jirani natwanga mwenyewe, vinaingia kwenye mchuzi wa mawese karibu kila siku. Kanga mbili zimeshaharibika, sabuni nimeweka mbali.

Kipimo changu ni cha kienyeji: nahesabu anasimama kupumzika mara ngapi kutoka nyumbani hadi sokoni. Mwanzo mara nne. Wiki hii mara mbili, na moja kati ya hizo alikuwa anasalimiana na mtu. Tumbo kimya.

Tatizo ni kwamba jeli, zoezi la kiti na manjano vyote vilianza wiki moja, sijui nimsifu nani. Nikamwomba aache manjano wiki mbili tuone. Akaniangalia, akaendelea kunyoosha mguu wake, akafika tano, akaushusha. Akaniuliza, "Goti likirudi kuuma, utalibeba wewe?"