Mrejesho: matandazo na magugu kwenye bustani ya maua

Habari zenu. Niliuliza kama vipande vya mbao vinatosha kuzuia magugu kwenye bustani ya maua, au lazima plastiki iwe chini. Nilifuata ushauri wa waliosema ning'oe kwanza, nilowanishe udongo, nitandike maboksi yaliyobanduliwa gundi, kisha nimwage matandazo, yaani hivyo vipande vya mbao vya kufunika udongo, unene wa sentimita 7 hivi. Plastiki sikuitumia, inanyima udongo maji na hewa.

Magugu ya mbegu yamepungua sana. Mbegu nyingi ndogo huhitaji mwanga ili ziote, na mwanga haupo tena. Machache yanayochomoza yanang'oka kwa vidole viwili, maana udongo umebaki laini na una unyevu. Hata kumwagilia kumepungua.

Ndago sasa! Hiyo ina kiburi chake. Ncha yake kali imetoboa boksi na matandazo kana kwamba hakuna kitu, kwa kuwa inakula akiba iliyo kwenye viazi vyake chini ya ardhi. Aliyesema matandazo peke yake hayaiwezi alisema kweli. Kukata majani tu hakusaidii, kwa hiyo naichimba na viazi vyake kila inapotokeza, ingali changa.

Kwa aliyeogopa mbao zitanyonya naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kutoka kwenye udongo: hilo hutokea zaidi zikichanganywa ndani ya udongo. Zikikaa juu, athari huishia pale zinapougusa. Majani ya maua yangu hayajawa ya njano, dalili ya kukosa naitrojeni. Mashina nimeyaachia nafasi ya kiganja yasioze.

Swali lililobaki ni nyasi zinazotambaa kutoka pembeni. Nimechimba kamtaro mpakani. Mwenye njia bora zaidi aniambie.