Mtoto wa disleksia: aanze na Kiingereza au Kiswahili?

Mama Gredi Nne: Kijana wangu ana disleksia, ile shida ya kuunganisha herufi na sauti zake wakati wa kusoma. Kiswahili anasoma, anakokota lakini anafika. Mpe "though" na "cough", anafunga kitabu. Sasa kuanzia gredi ya nne masomo ni kwa Kiingereza, na shule inasema ajikaze tu. Si wangemwacha kwanza akomae kwa Kiswahili?

Bodaboda Kondele: Wangemwacha. Kiswahili ukijua a-e-i-o-u umeingia. Kiingereza herufi 26, sauti arobaini na kitu. Hata mimi "cough" ilinitesa.

Tisha Manyatta: Tusidanganyane. Disleksia haiponi kwa kubadilisha lugha, inajificha tu. Kwa Kiswahili mtoto anasoma bila kukosea, ila polepole mno, mwalimu anamwita mzembe. Mimi wangu namwandikisha herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga huku akiitamka sauti yake. Moja kwa siku, ila b na d zinafanana, hizo zilituchukua wiki mbili.

Jaduong Milimani: Enzi zetu hakukuwa na disleksia. Kulikuwa na kiboko.

Bodaboda Kondele: Mzee, kiboko kilipigwa marufuku 2001. Na hao wa kiboko ndio wananinyoshea simu niwasomee meseji ya M-Pesa.

Jaduong Milimani: Unasema sijui kusoma? Nimesoma kabla babako hajanunua kaptula.

Bodaboda Kondele: Nani amekutaja? Shikamoo, baba.

Mwalimu Mchovu: Nina watoto 63 darasani. Sinia 63 nitatoa wapi? Mzazi analeta mtoto Januari, tunaonana tena Novemba.

Tisha Manyatta: Mwalimu, hakuna aliyekulaumu. Ila ukimsomesha kwa sauti mbele ya wenzake wakamcheka, hilo halihitaji sinia kuacha.

Mwalimu Mchovu: Umeniona wapi nikifanya hivyo?

Nyar Nyalenda: Mbona mnabishania lugha mbili za wageni? Gredi za chini sera ya elimu inataka lugha ya eneo. Hapa ni Dholuo.

Bodaboda Kondele: Kisumu mjini? Jirani yangu Mluhya, mwingine Mkisii, mwenye nyumba Mhindi.

Nyar Nyalenda: Na wote wananunua omena kwa Dholuo.

Jaduong Milimani: Bado nangoja kuombwa msamaha.

Mama Gredi Nne: Dada wa sinia, mchanga ni wa wapi? Niliochota ziwani unanuka samaki, mtoto amekataa kuugusa.

Tisha Manyatta: Chukua wa mjengo, uuchekeche. Au unga, kama bei inakuruhusu.