Nitamtambuaje muuzaji asiye mwaminifu kabla sijamlipa?

Mgeni wa Soko anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Ninakusudia kununua vitu viwili katika soko moja kubwa la mtandaoni: simu iliyokwisha kutumika, na diski ya nje ya kuhifadhia mafaili. Wauzaji wawili wa simu ndio walionitia mashaka. Wa kwanza ana maelfu ya tathmini, karibu zote za nyota tano, na bei yake ni kama nusu ya bei ya wengine. Lakini nilipomuuliza swali ndani ya mfumo wa soko alinitaka tuhamie WhatsApp, akidai kwamba nikimlipa moja kwa moja ataniondolea makato ambayo soko linamtoza. Wa pili amejiunga miezi michache tu iliyopita, tathmini zake ni za kuhesabika, bei yake ni ya kawaida, na kila ninachomuuliza hunijibu kwa ukamilifu.

Nafsi yangu inaelekea kwa yule wa kwanza, kwa kuwa naona kwamba mtu aliyehudumia maelfu ya wateja angekwisha kuumbuliwa kama angekuwa tapeli. Je, hoja hiyo ina mashiko? Na ile diski inauzwa ikiwa mpya, ina ujazo mkubwa ajabu, na bei yake ni ya kutupa. Je, napo pana hila?

Karani wa Malipo anajibu:

Ndugu mleta mada, ningekushauri uligeuze swali lako. Badala ya kuuliza muuzaji huyu ni mtu wa namna gani, uliza fedha zako zitakuwa wapi tangu zitakapotoka mikononi mwako hadi utakapouridhia mzigo, na ni nani mwenye uwezo wa kuzirudisha endapo mambo yatakwenda kombo. Jina, picha, anwani, na hata sifa za wateja vinaweza kughushiwa. Utaratibu wa malipo ambao hauko chini ya mamlaka ya muuzaji ni vigumu zaidi kuuchezea.

Tatizo hili si geni. Alipay ilipoanzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya watumiaji wa soko la Taobao nchini China, kazi yake ya kwanza ilikuwa kushikilia fedha za mnunuzi na kutomkabidhi muuzaji mpaka mnunuzi athibitishe kwamba bidhaa imemfikia. Hapakuwa na haja ya watu wawili wasiojuana kuaminiana. Ilitosha wote wawili kumwamini yule aliyesimama katikati. Masoko mengi makubwa ya leo yana utaratibu unaofanana na huo, ama yana dhamana ya kumrejeshea mnunuzi fedha zake, na karibu yote yana sharti moja: malipo yafanyike ndani ya mfumo wao.

Sasa litazame upya lile pendekezo la muuzaji wako wa kwanza. Akikuondolea makato amekuondolea pia ulinzi, na mazungumzo yakihamia nje, hata ushahidi wa alichokuahidi hautakuwa mahali ambapo soko linaweza kuuona. Mimi binafsi nikishaambiwa maneno hayo sihitaji kuchunguza zaidi.

Jihadhari pia na namna ya malipo yenyewe. Ukilipa kwa kadi ya benki, kwa kawaida unaweza kuiomba benki yako ibatilishe malipo endapo bidhaa haikufika. PayPal, huduma ya kulipia mtandaoni, nayo hulinda malipo ya bidhaa, lakini haiyalindi yale yanayotumwa kama fedha za ndugu na marafiki, ndiyo maana matapeli hupenda sana kumbembeleza mnunuzi achague njia hiyo ya pili. Fedha zilizotumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu ni ngumu kuzirudisha, na sarafu za kidijitali au namba za kadi za zawadi ndizo mbaya kuliko zote.

Jambo la mwisho: usilipe kupitia kiungo ulichotumiwa kwenye ujumbe, hata kama ukurasa unaofunguka unafanana kabisa na wa soko lenyewe. Wengi hutulia wakiona alama ya kufuli karibu na anwani ya tovuti, ilhali alama hiyo ilimaanisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa wasiohusika wasiyasome. Haikusema lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Google iliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome mwaka 2023, na mojawapo ya sababu ilikuwa ni watu kuielewa visivyo.

Msoma Nyota anajibu:

Namuunga mkono Karani kuhusu malipo, lakini sikubaliani naye anapoashiria kwamba kumpima muuzaji ni kazi bure. Kurejeshewa fedha ni usumbufu wa wiki kadhaa, na ni heri usumbufu huo usikupate kabisa. Tathmini zinasaidia, mradi uzisome badala ya kuzihesabu.

Hoja ya mleta mada kwamba maelfu ya wateja wangemuumbua mtu mwovu ndiyo hoja iliyojenga mifumo hii. eBay ilianza kuwaruhusu wanunuzi na wauzaji kutathminiana mwaka 1996, lakini baada ya miaka mingi ikabainika kwamba wanunuzi wengi walinyamazia mabaya kwa kuogopa kulipiziwa kisasi katika tathmini zao wenyewe. Mwaka 2008 soko hilo likawazuia wauzaji kuwapa wanunuzi tathmini mbaya. Kwa hiyo wingi wa nyota hauonyeshi waliokosa kusema, na wala hauonyeshi waliolipwa ili waseme. Biashara ya maoni ya uongo imekua kiasi kwamba nchini Marekani ilitungwa kanuni maalumu, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayokataza kuyanunua na kuyauza.

Kuna hila tatu ambazo huonekana kwa urahisi ukiwa na subira. Ya kwanza ni akaunti iliyobadilika mkono, ama kwa kuuzwa ama kwa kuibwa: historia yake ni ndefu na safi, lakini ukiifungua unakuta kwamba miaka yote mwenyewe aliuza vitu vidogo vya bei ndogo, kisha ghafla, baada ya ukimya mrefu, anauza simu na kompyuta kwa wingi. Muuzaji wako wa kwanza namshuku kwa hili hasa. Ya pili ni tangazo lililobadilishwa bidhaa, ambapo muuzaji huchukua ukurasa wa kitu kilichosifiwa zamani, akaweka picha na maelezo ya kitu kingine, na nyota zikabaki palepale. Soma maoni ya zamani, na ukikuta watu wanasifu kifuniko cha sufuria chini ya tangazo la diski, ondoka. Ya tatu ni kutuma vifurushi visivyo na thamani kwa watu ambao hawakuagiza chochote, ili mauzo yaonekane yamefanyika na muuzaji ajiandikie sifa kwa majina yao.

Mimi huanza na maoni ya nyota mbili na tatu. Walioandika nyota moja mara nyingi wana hasira, na wa nyota tano mara nyingi hawakusema kitu, lakini wa katikati hueleza. Soma vilevile majibu ya muuzaji kwao: anayetoa suluhisho hafanani na anayetukana.

Usisahau picha. Zipitishe kwenye TinEye, tovuti inayoonyesha picha imetumika wapi kwingine, au kwenye utafutaji wa picha wa Google, na picha ya simu "yake" ikionekana katika matangazo mengine ya watu tofauti, utakuwa umepata jibu.

Muuzaji Mdogo anajibu:

Naomba niwasemee wale wanaoanza, kwa sababu mimi mwenyewe ni muuzaji, na kila mmoja wetu alianza bila nyota hata moja. Tathmini chache si dalili ya hila. Kinachopaswa kukutia shaka ni mtu mpya anayeuza kitu cha thamani kwa bei ambayo yeye mwenyewe hawezi kuieleza, au anayekuharakisha kwa kusema kwamba mnunuzi mwingine anasubiri.

Mwombe huyo wa pili akupigie picha ya simu ikiwa imewashwa, pembeni yake pakiwa na karatasi yenye tarehe ya leo na jina unalotumia sokoni. Mwenye simu mkononi hulifanya jambo hilo kwa dakika chache, na asiye nayo atakutajia sababu kumi. Mwulize pia namba ya utambulisho ya simu, ile yenye tarakimu 15 inayoonekana ukibonyeza *#06#, kisha uihakiki kwenye huduma zinazoonyesha simu zilizoripotiwa kuibwa. Usishangae akikataa kuitoa hadharani, maana namba hiyo nayo inaweza kutumiwa vibaya. Anaweza kukutumia kwa faragha ndani ya mfumo wa soko.

Kama muuzaji anajitambulisha kuwa ni kampuni, angalia kama soko limechapisha jina na anwani yake. Katika Umoja wa Ulaya, masoko ya mtandaoni yanatakiwa kukusanya taarifa za wafanyabiashara kabla ya kuwaruhusu kuuza, sharti lililoanza kutumika kikamilifu Februari 2024. Marekani nayo ina sheria iliyoanza Juni 2023 inayoyataka masoko yawahakiki wauzaji wenye mauzo makubwa. Sheria hizo, hata hivyo, hazimgusi mtu binafsi anayeuza simu yake moja.

Mgeni wa Soko:

Nawashukuru nyote. Nilimjibu muuzaji wa kwanza kwamba nitalipa ndani ya mfumo wa soko tu, naye akasema simu imekwisha kuuzwa, ingawa tangazo lake bado lipo hadi sasa. Wa pili amenitumia picha niliyomwomba. Ninaelekea kwake, lakini ningependa kujua la kufanya siku kifurushi kitakapofika, na bado sijapata jibu kuhusu diski.

Mpokea Mizigo anajibu:

Diski iache. Kuna vifaa ambavyo programu yake ya ndani imechezewa ili kompyuta isome ujazo mkubwa kuliko uliopo. Vinapokea mafaili yako bila kulalamika, kisha ujazo halisi ukijaa, mafaili mapya yanafuta ya zamani au yanapotea. Mnunuzi hugundua baada ya miezi, wakati muda wa kulalamika umekwisha, na kwa sababu hiyohiyo tathmini za siku ya kwanza huwa nzuri. Ukinunua diski yoyote, ijaze yote kwa majaribio siku unapoipokea: programu iitwayo H2testw hufanya kazi hiyo kwenye Windows, na iitwayo F3 kwenye Linux na Mac.

Kuhusu simu, rekodi video unapofungua kifurushi, kuanzia lebo ikiwa bado haijaguswa. Hakikisha kwamba simu haijafungwa kwa akaunti ya mmiliki wa zamani, kwa sababu simu ya namna hiyo, hata ikiwa halali, haitakufaa mpaka mwenyewe aifungue. Usibonyeze kitufe cha kuthibitisha mapokezi kabla ya kuikagua, kwani katika masoko yanayoshikilia fedha ndicho kinachomwachia muuzaji malipo.

Ipo hila moja ya usafirishaji inayowachanganya wengi. Muuzaji hutuma bahasha tupu kwenye anwani nyingine ya mji uleule, na namba ya ufuatiliaji inaonyesha kwamba mzigo umefika. Ukikutana na hali hiyo, waombe wasafirishaji uthibitisho wa maandishi wa anwani waliyopeleka pamoja na uzito wa kifurushi. Mara nyingi uzito pekee hutosha kuonyesha kwamba hapakuwa na simu ndani.

Mzozo ukitokea, lalamika kupitia soko, wala si kwa muuzaji peke yake, na uangalie tarehe. Kwenye PayPal, kwa mfano, una siku 180 tangu ulipe za kufungua lalamiko, na ukishalifungua una siku 20 za kuliwasilisha kwao rasmi lifanyiwe uamuzi, vinginevyo linajifunga lenyewe. Wauzaji wajanja wanazijua tarehe hizi kuliko wewe: watakwambia mzigo umekwama forodhani, wiki ijayo watakuomba uvumilivu, kisha watakuahidi kurudisha fedha mara tu utakapolifunga lalamiko. Lalamiko lililofungwa na mnunuzi mwenyewe kwa kawaida halifunguliwi tena. Lifunge pale tu fedha zitakapokuwa zimeingia kwenye akaunti yako na umeziona.

Mgeni wa Soko:

Nimelipa kwa kadi, ndani ya mfumo wa soko, kwa muuzaji wa pili. Swali dogo: ameniuliza kama anaweza kunitumia kwa njia ya bei nafuu isiyo na ufuatiliaji. Nikubali?

Mpokea Mizigo:

Usikubali, hata kama ni mwaminifu. Bila ufuatiliaji, kifurushi kikipotea yeye hatakuwa na uthibitisho kwamba alikituma, nawe hutakuwa na cha kuonyesha soko isipokuwa neno lako. Jitolee kulipa tofauti ya gharama.