Wazazi wenye watoto Nevi (jeshi la majini la Marekani) upande wa nyuklia tupeane uzoefu, huu ukimya mnaumudu vipi?

Mama Baharia (Houston)

Habarini wapendwa. Najua tupo wachache ila tupo, Wabongo, Wakenya, Wakongo, tuliolea watoto huku Marekani wakakua wakasema wanaingia Nevi, wakafanya ule mtihani wakaambiwa alama zako zinafaa nyuklia, yaani kuendesha vinu vya nyuklia vya meli na nyambizi. Kijana wangu yuko Goose Creek, South Carolina, Pawa Skuli, shule yao ya nadharia ya nyuklia. Buti kempu ya Great Lakes, yale mafunzo ya mwanzo ya uanajeshi, tuliivuka, A Skuli, ile ya kujifunza fani yake, akaivuka, sasa kwenye hii miezi sita ya Pawa ndo sauti ya mwanangu imepungua hadi sijui nishike wapi. Anapiga Jumapili usiku, "shikamoo mama, niko poa, nimechoka, nakupenda", imeisha. Mchana kutwa darasani, wakitoka wanarudi tena kusoma yale masaa waliyopangiwa kwa wiki, na kwa vile masomo ni siri hata daftari halitoki nje ya lile jengo na simu haiingii. Kwa hiyo meseji yangu ya saa nne asubuhi anaiona usiku akiwa hoi. Hayo yote nayajua na bado silali. Dada yangu Moshi kila siku ananiuliza huyo mtoto yuko jeshini au yuko jela.

Kuomba naomba, msiniambie niombe. Nataka mtu aliyepita aseme yeye alifanyaje, mtoto alimwambia nini, na ndugu wa nyumbani aliwajibu nini.

Baba wa Fundi Umeme (Minnesota)

Pole na hongera mama, yote mawili. Wangu alikuwa EMN, wale wa umeme, A Skuli yao ni ndefu kuliko ya wale wa mashine, kwa hivyo ukisikia kijana wa jirani amefika Pawa mapema usidhani wako amebaki nyuma. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu Kisii kabla tuje huku, na kwetu unajua mtoto akiwa shule swali ni moja, umekuwa namba ngapi. Huyu wangu amekuwa namba moja tangu nasari. Sasa fikiria chumba chenye kila mtu alikuwa namba moja kwao, wanasoma fizikia ya nyuklia, joto linavyosafiri, kemia, vyuma, vile kinu kinaendeshwa, wanapewa alama kwa kiwango cha 4.0 na pasi ni 2.5, halafu kijana ambaye hajawahi kuona B maishani anapata 2.7 anashukuru Mungu. Hiyo ndiyo inawavunja, si ugumu wa hesabu peke yake. Anajiuliza kama yeye bado ni mwerevu.

Na mimi siwezi kumsaidia, mwalimu mzima! Nikiuliza leo mlisoma nini ananiambia baba hiyo siwezi kusema. Ndio tukaamua hatuongei shule kabisa, tunaongea Arsenal. Jumamosi kama yuko huru ananipigia mechi ikianza, kila mtu na skrini yake, dakika tisini tunapiga kelele tu, mara refa, mara difenda, na hapo ndipo nilikuwa nasikia kama yuko sawa ama hayuko sawa kuliko angeniambia kwa mdomo. Siku asipogombana na refa najua kuna shida.

Kitu kingine nilimwambia, na nadhani kilimkaa. Yule Admirali Rickover aliyeanzisha huu mpango wote wa nyuklia alizaliwa Poland, akaletwa Marekani akiwa mtoto, familia ya wahamiaji Wayahudi isiyo na kitu. Ndiye alisukuma mpaka ile nyambizi ya Nautilus ikatoka kwa nguvu za nyuklia tarehe 17 Januari 1955, na ule ukali wa shule unaowatesa hao watoto ni wake, aliuacha pale. Nikamwambia mwanangu hii nyumba ilijengwa na mtoto wa wahamiaji kama wewe, usikae humo kama mgeni.

Mama wa Mvita (Columbus)

Assalam aleikum. Mimi sikutaabika na ukimya sana, nilitaabika na mionzi. Binti yangu yuko kwenye nyambizi sasa (wanawake wasio maofisa walianza kuingia huko 2016, kwa hiyo ukisikia mtu asema nyambizi ni ya wanaume, habari zake ni za zamani). Alipochaguliwa nyuklia jamaa zangu Mombasa wote walinijia juu, huyu mtoto hatazaa, atapata kansa, umemuuza. Maneno makali hayo kumwambia mzazi.

Nikakaa naye akanieleza pole pole. Kila mmoja huvaa kidude kidogo kinachopima mionzi aliyopata, chasomwa, yaandikwa kwenye rekodi yake na hufuatwa nayo maisha yake yote kazini. Sheria ya Marekani yaweka kikomo cha rem 5 (rem ni kipimo cha mionzi) kwa mwaka kwa mfanyakazi wa mionzi na hawa wa Nevi hupata sehemu ndogo sana ya hiyo, kinu kimezungushiwa kinga nzito, tena wakiwa chini ya bahari hata ile mionzi itokayo angani ambayo mimi na wewe twaipata kila siku yazuiwa na maji. Hakujawahi kutokea ajali ya kinu kwenye meli ya Nevi ya Marekani tangu hiyo Nautilus.

Lakini sitawaficha, nilisoma pia kuhusu Thresher iliyozama 1963 na watu 129 na Scorpion 1968 na watu 99, na usiku ule sikulala. Nilimuuliza kwa uwazi. Akaniambia mama, baada ya Thresher waliweka mpango uitwao SUBSAFE, kila bomba na kila kiungo kinachozuia maji kukaguliwa na kuwekewa sahihi, na nyambizi iliyopita kwenye mpango huo haijazama hata moja. Hilo ndilo nililowajibu jamaa zangu. Sikuwajibu kwa hasira, niliwajibu kwa hayo hayo, na mjomba mmoja sasa ndiye amtetea kuliko mimi.

Mkifika hatua ya meli, tarehe za kuondoka na kurudi msiziandike popote, hata kwenye WhatsApp ya ukoo. Ukoo wetu una watu mia na kila mmoja ana status.

Mama Bukavu (Kentucky)

Jambo bamama, jambo bababa. Mie mutoto wangu angali Great Lakes, kwa hiyo ya Goose Creek sijue. Ninataka kusema juu ya ile fomu ya usalama, SF-86, sababu njo ilitutesa na hakuna mutu alitwambia mbele. Banauliza wazazi, bandugu, kila mutu alizaliwa siku gani, iko wapi, anafanya kazi gani, na batu ba inje benye uko nabo karibu. Sasa sisi tulipita kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, ku makaratasi yetu karibu batu bote balizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza! Baba yake mudogo angali kambini, dada yake mukubwa iko Bukavu, simu yake inabadilika kila siku. Mutoto alianza kuogopa, anasema mama pengine nisiandike bale. Nikasema andika bote. Aliandika bote, akaeleza na ile mambo ya tarehe moja ni nini, bakamuita bakamuuliza, akajibu, ikapita.

Na bazazi bengine bajue: nyuklia inaomba uraia, grin kadi haitoshe. Mutoto wangu alipata uraia kupitia mie, nilikula kiapo yeye akiwa hajafikisha miaka 18. Kama uko na mutoto mwenye akili ya hesabu na ungali unachelewesha makaratasi yako, fanya mbio.

Baba Tanga (Maryland)

Mimi naongelea msiba maana huo haupigi hodi. Mama yangu alifariki Tanga wakati kijana wangu yuko kule Pawa, na bibi ndiye aliyemlea mpaka anakuja huku. Watu wakaanza kumtumia meseji, mtoto yuko ndani ya jengo, simu ipo nje, angeikuta usiku rambirambi arobaini bila kuambiwa na mtu. Nikawazuia wote.

Utaratibu ni huu. Unapiga Msalaba Mwekundu wa Marekani, wapo usiku na mchana, unatoa jina lake kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa na kitengo chake, unawapa na namba ya hospitali au ya aliyethibitisha kifo, wao wanahakikisha kisha wanapeleka taarifa kwa wakubwa wake, na wakubwa ndo wanamwita wanamwambia ana kwa ana. Bila huo ujumbe ruhusa ya dharura ni ngumu. Na bibi kwa sheria zao sio ndugu wa karibu kama mama au baba, mpaka ionekane ndiye aliyemlea, kwa hiyo hilo LISEME mapema kwenye maelezo, bibi alimlea kama mzazi. Uamuzi unabaki kwa mkubwa wake. Kilichonisumbua ni hospitali ya nyumbani kupokea simu kwa tofauti ile ya masaa, nikampanga mdogo wangu akae pale na simu mkononi. Andikeni leo jina la kitengo cha mtoto na anuani yake mkaibandike kwenye friji, siku hiyo ikifika hamtakumbuka kitu.

Mama K (Dallas)

Nimesoma zote nikalia kidogo. Wangu hakumaliza. Naisema hapa kwa sababu kila mtu anakuja kuandika mwana wangu amefuzu na wale wetu ambao hawakufuzu tunanyamaza.

Aliingia Pawa, akafeli, wakamkalisha mbele ya bodi, akarudishwa nyuma akaanza na darasa lingine, akafeli tena wakamtoa nyuklia wakampa kazi nyingine melini. Hajafukuzwa Nevi, hapana, wanakupeleka penye wanahitaji mtu. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na wiki alikuwa ananipigia na hasemi kitu, tunakaa kwa laini, nasikia pumzi tu. Nikamuuliza direct, kwa Kiswahili, unafikiria kujiua? Akanyamaza halafu akasema nafikirianga kutoamka.

Wazazi, ulizeni hilo swali. Kuuliza hakumpi mtoto wazo. Kuna namba 988 halafu unabonyeza 1, ni ya wanajeshi, saa yoyote. Kuna chaplini, yaani padri au mchungaji au imamu wa jeshi, huyo mtoto akimwambia kitu hakiendi kwa wakubwa bila ruhusa yake, na si lazima awe wa dini yake. Na kuna sheria inaitwa Brandon Act, ilisainiwa 2021 baada ya wazazi wa baharia Brandon Caserta aliyejiua 2018 kuipigania. Hiyo inamruhusu mtoto kumwambia mkubwa wake wa cheo cha E-6 kwenda juu kwamba anataka kuonana na daktari wa akili, na halazimishwi kueleza ni kwa nini. Wangu alienda kwa chaplini kwanza, chaplini akamtembeza mpaka kliniki.

Leo yuko kwa meli Norfolk, anapika na kula vizuri, ananiringia picha za Hispania. Shangazi mmoja kwa harusi akaniuliza mbele ya watu, si ulisema ni injinia wa nyuklia? Nikamwambia ni baharia na yuko hai. Nikaendelea kula pilau yangu.

Mama Baharia (Houston)

Mama K nimekusoma mara mbili nimesimama jikoni. Asante mama. Jumapili hii nitamuuliza hivyo hivyo kwa mdomo wangu.

Baba Theluji (New York)

Ya kwangu fupi. Baada ya Pawa kuna prototaipu, yaani mafunzo kwenye kinu halisi, miezi sita mingine, wengine wanabaki Charleston kwenye zile nyambizi za zamani zilizofungwa gatini kufundishia, La Jolla na San Francisco, wengine wanaletwa huku kaskazini Ballston Spa. Hapo wanashika kinu chenyewe, na ni zamu za masaa 12 zinazozunguka, wiki hii mchana wiki ijayo usiku, kwa hiyo usimpigie saa sita mchana ukidhani yuko macho. Kila kitu anasainiwa kwenye kadi baada ya kuulizwa ana kwa ana, mwisho anasimamiwa zamu na anahojiwa na bodi. Akija huku kwenye baridi mtumie koti zito. Sisi tulikuwa tunatuma na unga wa ugali na majani ya chai, wanajipikia weekend na wenzao, kuna kijana wa Nebraska siku hizi anaomba sembe mwenyewe.

Mama Mpya (Atlanta)

Samahanini naingilia, wangu anaondoka Great Lakes mwezi ujao, nyuklia pia. Hata sijui niulize nini. Nitegemee nini mwanzoni?

Mama Baharia (Houston)

Karibu mwenzangu. Akifika atapiga simu fupi sana kama mtu anayesoma karatasi, nimefika salama, kwaheri. Usihofu, wote wanasema hivyo hivyo. Nguo alizoondoka nazo zinaweza kurudi kwako kwa boksi, na hapo wengi tunalia, we lia tu. Kisha ni barua za karatasi, wiki kama tisa, andika hata kama hajajibu, na ukiandika weka namba ya divisheni yake (kundi lake la kempu) sawasawa maana bila hiyo inazunguka. Karibu na mwisho kuna usiku mzima wa majaribio, wakimaliza wanavuliwa kofia iliyoandikwa Recruit wanavishwa ya Navy, na hapo anakupigia simu ya kweli. Gredueshen majina ya wageni anayaandika yeye mwenyewe mapema na nafasi ni chache, kwa hiyo kubalianeni kabla hajaondoka nani anakwenda, kila mtu awe na kitambulisho halali, na kama unataka bibi yake aje kutoka nyumbani, viza ianze wiki hii.