Naomba ushauri: kioo cha saa za sala kinazimika kila baada ya dakika tano

Mwana wa Wete:
Assalaam alaykum. Msikiti wetu hapa Wete una kioo kikubwa ukutani kinachoonyesha saa za sala, na kimeunganishwa na kompyuta ndogo yenye Ubuntu 22.04, mfumo wa jamii ya Linux. Kompyuta ikikaa dakika tano bila ya kuguswa, kioo huwa cheusi, na wazee wanaokuja kutazama saa ya iqama hukuta kiza kitupu. Nimeandika amri za kuzuia kioo kisizimike, xset s off na xset -dpms, kama nilivyoelekezwa, lakini hakuna kilichobadilika. Nifanyeje?

Fundi Seva:
Wa alaykum salaam. Jambo hili lilinisumbua sana kwenye seva zangu, ambazo kioo chake huonyesha maandishi tu. Zamani kiini cha Linux chenyewe kilikuwa kikizima kioo cha maandishi baada ya sekunde 600, mpaka toleo la 4.12 lilipoiacha kawaida hiyo. Kwenye mashine ya zamani, consoleblank=0 katika mstari wa kuwashia ilitosha.

Mama wa Michenzani:
Mwanangu, sisi tuliokuwa Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokosekana kisiwa kizima, tunajua thamani yake. Nyumbani kwetu tulikuwa tukiteka maji kisimani kabla ya alfajiri, na samaki tukiwatia chumvi siku ile ile. Kioo kuwaka usiku kucha msikitini, hali hakuna anayekitazama, ni israfu.

Msomi wa Mkoani:
Ndugu yangu, kioo kinazimika tu, au kinajifunga na kudai neno la siri?

Mwana wa Wete:
Kinadai neno la siri, nami sikutaka kulitaja mapema kwa sababu hatunalo: kijana aliyeiweka kompyuta yuko Maskati na simu yake haipatikani. Kabla ya kila sala tunachomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena. Nimeshampa fundi mmoja wa Chake Chake arubuni ya shilingi elfu thelathini ili aifute yote na kuweka mfumo mwengine. Naomba nisilaumiwe kwa hilo, kwani Ramadhani imekaribia na kamati inaniuliza mimi.

Mzee wa Darajani:
Hapa pana jambo halijakaa sawa. Ikiwa neno la siri hamnalo, mnaingiaje baada ya kuchomeka waya, na hizo amri za xset uliziandikia wapi? Maneno kama haya husemwa na mtu aliyepata kompyuta ya mwenyewe, akatunga msikiti ili asaidiwe kuifungua.

Mwana wa Wete:
Maalim, nakuheshimu, lakini umenidhulumu. Wallahi kompyuta ni ya waumini. Ikiwashwa haiulizi chochote: inaingia yenyewe, kisha ukurasa wa saa unajifungua, Alfajiri juu na Isha chini. Neno la siri hudaiwa pale tu kioo kinapokuwa kimeshazimika.

Msomi wa Mkoani:
Basi dawa imo humo humo, na usiifute. xset ni ya X11, mfumo wa zamani wa kuchora picha kwenye kioo, ilhali Ubuntu 22.04 kwa kawaida hutumia ule mpya, Wayland, ndiyo maana hukuona mabadiliko. Muda wa kuzima kioo na kukifunga ni mpangilio wa mtumiaji mwenyewe, na kuubadilisha hakuhitaji neno la siri maadamu umeshaingia. Iwashe, fungua dirisha la amri kabla ya dakika tano kwisha, uandike mstari mmoja mmoja:

gsettings set org.gnome.desktop.session idle-delay 0
gsettings set org.gnome.desktop.screensaver lock-enabled false
gsettings set org.gnome.settings-daemon.plugins.power sleep-inactive-ac-type 'nothing'

Mipangilio hii hubaki hata umeme ukikatika. Na tafadhali acheni kuchomoa waya, kwani kuzima namna hiyo huweza kuharibu mafaili.

Mzee wa Darajani:
Kama inaingia yenyewe, basi nimekuelewa. Naomba radhi, ndugu yangu.

Mwana wa Wete:
Nimekusamehe, Maalim. Nimeziandika zote tatu baada ya Laasiri, mkono ukinitetemeka kwa kuchelea dakika tano, na sasa tumeshasali Isha nacho kinawaka. Mama wa Michenzani, nimekubaliana na muadhini kwamba ataizima kwa amri ya poweroff watu wakishatoka, na kuiwasha kabla ya adhana ya Alfajiri. Fundi wa Chake Chake nimempigia simu. Amekubali kurejesha nusu ya arubuni, nayo nitaikabidhi kwa kamati.