Tupeane uzoefu: Umewahi kula mgahawa wa Kiburma (Burma, siku hizi Myanmar)? Uliagiza nini, na nini kilikushinda?

Mlaji_Mwandamizi (Fort Wayne)
Wakuu, heshima kwenu. Sisi tunaoishi Marekani kwenye miji hii ya wakimbizi, Fort Wayne, Indianapolis, Utica, Buffalo, Waburma ni majirani zetu. Tunafanya nao kazi kiwandani, watoto wanapanda basi moja. Migahawa yao mnaifahamu kwa nje: upande mmoja duka la mchele na viungo, upande wa pili meza chache, televisheni inaimba, na mwenye duka ndiye mpishi. Lakini watu wetu wengi wanaipita wakielekea kwenye baga.

Naanza mimi. Kama ni mara yako ya kwanza, agiza ohn no khao swè. Ni tambi kwenye mchuzi wa kuku na tui la nazi, umekolezwa uzito kwa unga wa dengu, juu kuna yai la kuchemsha, vitunguu vibichi na pilipili iliyokaangwa, unakamulia ndimu mwenyewe. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa hapo. Ukishazoea, ingia kwenye mohinga: tambi nyembamba za mchele kwenye supu ya kambare, yenye mchaichai na shina changa la mgomba ndani. Kwao hicho ni chakula cha asubuhi, kwa hiyo sehemu nyingine ukifika saa nane mchana utaambiwa kimekwisha.

Halafu mafuta. Kari yao inakuja na mafuta yanaelea juu, na nimeona wageni wanarudisha sahani. Msirudishe. Wanaipika mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge, ndiyo alama yao kwamba imeiva. Huyanywi yale mafuta. Unachota nyama na mchuzi kidogo, unachanganya na wali mwingi, unashushia na supu ya uchachu inayoletwa pembeni.

Haya, leteni zenu.

Bint_Kisauni
Kabla ya uzoefu, swali. Sisi tusiokula nguruwe tunaingia wapi?

MwanaUvira (Buffalo)
Jambo kwenu wote. Miye niko West Side, hapa Wakongomani na watu wa Burma tumechanganyika sana. Zamu yangu ni ya usiku, asubuhi nikitoka napita kwa mama moja Mkareni, kabila la kule Burma, anapika na kuuza mboga palepale. Siku moja naona anashusha majani kwenye boksi: ngai-ngai, majani ya rozela! Ile yenyewe, yenye uchachu. Miaka yote tulikuwa tunapanda zetu nyuma ya nyumba tukifikiri hapa Amerika ni sisi peke yetu tunaoijua.

Yeye anaikaanga na kamba, vichipukizi vya mianzi, kitunguu saumu na pilipili nyingi. Sisi tunaipika na samaki, wengine wanachanganya na sombe (kisamvu). Kiingereza ya wote wawili ilikuwa ya shida, tulielewana kwa mikono. Sasa mke wangu anampelekea mbegu, na sahani yangu inakuja imejaa kupita ya wengine. Bili hainioni vizuri, nasema kweli.

Kilichonishinda: hakuna bugali. Wali, wali, wali.

Mkali_wa_Ugali
Naona mnasifia tu, ngoja niwe mbaya wenu. Hiyo saladi ya majani ya chai inayosifiwa kila mahali, lahpet thoke, sikuiweza. Majani yamechachushwa miezi, yana rangi ya tope, uchungu na mafuta. Wanayachanganya na karanga, ufuta, maharage ya kukaanga, kabichi, nyanya na kamba wakavu. Nilikula vile vinavyovunjika mdomoni, nikayaacha majani. Na ile ngapi, samaki na kamba waliochachushwa kwa chumvi mpaka wawe uji, ikiletwa na mboga mbichi za kuchovya, harufu inafika mezani kabla ya sahani.

Mlaji_Mwandamizi
Mkuu, uliila saa ngapi hiyo saladi?

Mkali_wa_Ugali
Usiku. Na kweli sikulala, nikajua ni tumbo.

Mlaji_Mwandamizi
Nimecheka. Yale ni majani ya chai, kafeini yote iko humo na wewe huyanywi, unayatafuna. Wanafunzi wao wanayala wakikesha kwa ajili ya mitihani. Mchana tu, mkuu.

Kijana_wa_Jogoo_Road (Indianapolis)
Mimi nilipoambiwa na wenzangu kazini "twende tukale Burma" nilikubali haraka, kwa sababu kwetu Nairobi Burma ni soko la nyama pale karibu na City Stadium. Nilitarajia mbavu.

Lakini niseme kitu kingine. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipelekwa vita ya Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya kule, matope hadi magoti, ruba, malaria. Tulipokuwa watoto alitusimulia vita ile mpaka tukaikariri. Chakula cha wenyeji hakukitaja hata mara moja. Walikula vya kopo na biskuti ngumu, na vijiji walivyopita, alisema, watu walikuwa wamekimbilia msituni.

Sasa, kusini mwa Indianapolis kumejaa Wachin, kabila jingine la Burma, na mgahawa tulioenda ni wao. Mwenyewe ni mzee, anatokea Kalay. Nilimwomba arudie jina, kwa sababu Kalemyo, mji wa kwenye hadithi za babu, ndio huo huo; divisheni yao ilifika pale Novemba 1944. Nikamwambia babu yangu alipita kwenu akiwa askari. Akaniuliza, "Mweusi kama wewe?" Nikamwambia zaidi. Akaita mke wake jikoni, akaita na mwanawe atafsiri. Baba yake alikuwa mtoto vita vilipopita, na aliwahi kuwaambia kwamba waliona askari Waafrika, wakawaogopa kwanza, kisha wakazoea kuwaomba sigara.

Sikuagiza tena kutoka kwenye menyu. Aliniletea sabuti: mahindi yaliyokobolewa, yamechemshwa muda mrefu na mifupa ya ng'ombe, matumbo na maharage, chumvi tu, pilipili iliyotwangwa iko kando. Nyinyi wa Bongo mngesema makande yenye supu. Nilikula polepole na mzee amekaa mbele yangu ananiangalia tu, hali. Kulipa alikataa. Niliacha pesa chini ya bakuli, mwanawe akanikimbilia hadi kwenye gari kunirudishia.

Mkali_wa_Ugali
Hapo umenimaliza. Sabuti nitaitafuta.

Baharia_Mstaafu
Vijana, mimi nilikula kwao kwenyewe, meli ilipotia nanga Yangon. Vibanda vya chai, viti vifupi vya plastiki magoti yanafika kidevuni, chai nzito ya maziwa ya kopo, na birika la chai ya rangi liko mezani bure, unajimiminia upendavyo. Asubuhi unapewa palata, ni chapati yetu ya kusukuma kabisa, na njegere kavu zilizochemshwa. Sambusa wanaikatakata kwa mkasi, wanaimwagia mchuzi, kabichi na nanaa. Mara ya kwanza nilitaka kugomba: sambusa unaikata kwa nini? Ilinyamazisha mdomo wangu.

Kilichonishangaza ni jinsi wateja wanavyomwita mhudumu: wanapiga busu hewani, mwaa mwaa, na kijana anakuja mbio. Mimi mtu wa Tanga nitampigia busu kijana wa watu? Nilikuwa nainua mkono kama mwanafunzi, chai yangu ikawa ya mwisho daima.

Sikuhizi ukipita Singapore, nenda jengo la Peninsula Plaza. Ghorofa zake zimejaa Waburma, Jumapili hasa, na mohinga ya pale ni ya kweli.

Bint_Kisauni
Babu shikamoo, umetuchekesha. Lakini swali langu mmelila na sambusa.

Baharia_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Tafuta mgahawa unaouza danbauk. Ni biriani yao, na wapishi wake mashuhuri ni Waislamu wa kule. Ukiona danbauk ndiyo chakula kikuu, uliza kama nyama ni halali, mara nyingi utajibiwa ndiyo. Wakristo wa Kichin na Kikareni wanapika nguruwe, huko kula samaki na mboga, na uulize kuhusu sufuria.

MwanaUvira (Buffalo)
Dada, sehemu nyingine danbauk wanapika wikendi tu. Piga simu mbele.

Bint_Kisauni
Nimepiga. Ni Ijumaa na Jumamosi, na mwisho wa kuagiza ni saa moja jioni. Nani yuko Toronto twende wote?